Mathe Anataka Bango, Wewe Unataka DJ: Soma Hii Kabla Kamati ya Harusi Haijakaa

Harusi ya sista yako iko Disemba. Kamati imeundwa, grupu ya WhatsApp imefunguliwa, na wale wa kutoa ahadi hewa wameshaanza kuahidi. Kila kitu kinaenda poa mpaka mathe anatupia meseji moja fupi: "Na bango je?"

Grupu kimya. Halafu mjomba wa Kaloleni anajibu kwa herufi kubwa kwamba harusi bila bango ni mkutano wa chifu. Shangazi wa Mtwapa anaweka vidole gumba vitatu. Wewe, ambaye ulikuwa umeshaongea na DJ wako na mshaelewana bei, unarekodi voice note ya dakika mbili ukisema hiyo ni muziki ya wazee, wageni watalala, watu wanataka kudunda.

Kama uko na miaka ishirini na kitu na kwenu ni Kilifi, Rabai, Malindi ama hapo Mtwapa, hii kesi itakufikia. Na kabla hujapiga kura, wacha nikuelezee hiyo kitu unataka kuifuta kwenye bajeti. Sikuambii umchague nani. Lakini ukikataa kitu, angalau ujue umekataa nini.

Bango ni muziki wa bendi wa Pwani ya Kenya. Si taarab, ingawa wamekaa nyumba moja. Si rumba ya Kongo, ingawa gita ikianza unaweza kudanganyika. Utaitambua kwa saksofoni. Hiyo saksofoni haina haraka. Inaingia kama mzee anayeingia kwa baraza akijua kiti chake kipo. Chini yake kuna gita, besi, kinanda, ngoma (siku hizi mara nyingi ngoma ya mashine iliyo ndani ya kinanda), na juu yake sauti za watu wanaoimba Kiswahili na lugha za Mijikenda. Ndani yake kuna jazz, kuna mapigo ya Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibiani, kuna taarab kidogo, na kuna mwendo wa ngoma za Mijikenda ambao ndio unafanya nyanya yako asimame kabla hajajua amesimama.

Na ile kucheza yake, manze. Hakuna kuruka. Watu wanakaribiana, wanasogea kidogo kidogo, bega na kiuno, wamefumba macho nusu. Kwa mtu aliyekulia gengetone inakaa kama video imekwama. Ngoja kidogo: msee wa miaka sabini anaweza kufanya hiyo kitu kwa saa tatu mfululizo. Wewe na hizo fujo zako unatoka jasho dakika ya kumi unaenda kutafuta soda.

Jina la kwanza utakalotajiwa ukiuliza kuhusu bango ni Joseph Ngala, Mzee Ngala kwa watu wa huku, mpiga saksofoni na mwimbaji wa Frere Town, Kisauni, na bendi yake ya Bango Sounds. Ndiye anayeitwa baba wa bango. Ukifika Frere Town umeshafika kwenye historia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wengi wa rika letu tumeachwa gizani.

Unajua kwa nini stendi pale Kisauni inaitwa Kengeleni? Kuna kengele pale kweli. Mwaka 1873 Waingereza walimbana Sultani wa Zanzibar, Barghash, akakubali biashara ya watumwa baharini ipigwe marufuku. Manowari zikawa zinakamata majahazi, na watu waliotolewa humo walihitaji mahali pa kukaa, maana kwao kulikuwa mbali sana na wengine walichukuliwa wakiwa watoto. Basi 1875 wamisionari wa CMS wakaanzisha kijiji ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakakiita kwa jina la Sir Bartle Frere, yule balozi wa Uingereza aliyetumwa Zanzibar kwa hiyo kazi. Kengele ilikuwa ya kuwaonya watu hatari ikikaribia, kwa sababu wenye kudai "mali" yao walikuwa hawajakata tamaa.

Sasa vuka uje upande wa Kilifi. Rabai, ambapo Krapf alianza kituo 1846 na leo kuna jumba la makumbusho lenye jina lake, palijaa watoro. Hao si watu wa manowari. Hao ni watu waliotoroka wenyewe, kwa miguu, kutoka mashamba ya Malindi, Takaungu na Mombasa. Malindi unayoijua wewe ya pizza na mataliano, karne ya 19 ilikuwa ya mashamba makubwa ya nafaka, na waliolima hawakulipwa. Wengine walikimbilia ndani zaidi na kujenga vijiji vyao vya kujitegemea. Kimoja kiliitwa Fuladoyo. Kiongozi wake alikuwa Mgiriama mmoja aliyeshika Ukristo, David Koi. Alikamatwa na kuuawa 1883. Mwanzoni mwa 1889, baada ya mabishano marefu na malipo kwa waliojiita mabwana, watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa Rabai na vituo vingine vya misheni walipewa karatasi za uhuru. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hapa Pwani mpaka 1907. Babu ya babu yako alikuwa hai.

Sasa umeona ninakoelekea. Blues, ile ya Marekani, ilitoka kwa wajukuu wa watumwa kule Mississippi. Nyimbo za kazi shambani, nyimbo za kanisani, mtu mmoja anatoa sauti, wengine wanamjibu. Baadaye ikapewa gita, ikapanda gari moshi kwenda mjini. Muddy Waters alihamia Chicago 1943 na gita lake, na mji ukabadilika sauti.

Sisemi bango ilizaliwa kwenye minyororo. Hiyo itakuwa kudanganya, maana imekuja miaka mingi sana baadaye, watu wakiwa na redio, na santuri, na suti. Ninachosema ni kwamba mtaa uliomlea baba wa bango ulijengwa na watu waliotoka pande zote za Afrika Mashariki na ya Kati, wasiokuwa na lugha moja ya mama, wasiokuwa na kaya ya kurudi. Watu kama hao wataimba nini pamoja? Wataimba kile ambacho wote wamefundishwa upya: nyimbo za kanisani kwa Kiswahili, kwa sauti nne. Soprano, alto, tena, besi. Ukishalelewa kwenye nyumba ambayo kila mtu ana sauti yake ndani ya wimbo mmoja, ukija kuunda bendi huwezi kuiunda kama show ya mtu mmoja.

Na hao wageni walikaa na kuoana na majirani zao Mijikenda, ambao walikuwa na mpango kama huo zamani. Nenda kwenye mwanzele wa Wagiriama. Kuna mmoja anayeimbisha. Anatupa mstari, labda ameutunga hapo hapo, labda anamsuta mtu aliyesimama nyuma yako. Kundi linapokea. Kayamba zinachanga ule mchanga wa mbegu ndani ya matete, shaa shaa shaa, ngoma zinazungumza chini. Mwimbishi akichoka, mwingine anachukua. Hakuna anayetangaza. Wimbo haukatiki, kwa sababu wimbo si wa mtu. Kuna matanga ambapo huo mwendo ulikuwa unaenda usiku kucha, na hakuna koo moja duniani inayoweza usiku kucha.

Hapo ndipo penye siri ya bendi za wazee wa Pwani, na wengi hawaioni kwa sababu wanatafuta staa. Ukiiangalia bendi kama hiyo ikipiga, utaona wimbo wa kwanza anaimba wa saksofoni. Wa pili anaimba wa gita. Wa tatu wanaimba wawili, mmoja juu mwingine chini, kama wanagombana kwa upole. Wa nne mzee wa besi, ambaye ulidhani yuko pale kwa sababu ya spika, anasogea kwa maiki na kumbe ndiye mwenye sauti ya asali. Hakuna mwimbaji mkuu. Ama tuseme, wote ni wakuu na wote ni waitikiaji.

Mfano mkubwa kuliko wote unaujua tayari, ila pengine hujui kama unaujua.

Zaidi ya miaka 50 iliyopita, ndugu wa familia moja ya Pwani waliunda bendi: Teddy Kalanda Harrison, Billy Sarro Harrison, George Zirro Harrison, John Katana Harrison na Dennis Kalume Harrison. Soma hayo majina ya katikati. Kalanda, Katana, Kalume. Hao si watoto wa mbali. Bendi wakaiita Them Mushrooms, na baadaye ikajulikana pia kama Uyoga. Walianza na chakacha, ile ngoma ya wanawake wa Waswahili kwenye harusi, wakaitia gita na mwendo wa kisasa. Kazi yao ya kila siku ilikuwa hoteli za ufuoni Mombasa, kupigia watalii.

Sasa fikiria kazi ya hoteli kidogo, maana imeumba huu muziki kuliko tunavyokubali. Unapiga jioni baada ya jioni. Wageni wa leo si wa jana, lakini koo lako ni lile lile. Lazima uwe na wimbo wa Mzungu anayetaka kulia, wimbo wa Mjerumani anayetaka kucheza, wimbo wa meneja anayetaka watu wanunue vinywaji. Ukiwa na mwimbaji mmoja, kufikia Alhamisi hana sauti. Ukiwa na ndugu watano wote wanaoimba, mmoja anapumzika huku akipiga ala yake, mwingine anashika. Na sauti za ndugu zina kitu ambacho huwezi kununua: zimekulia nyumba moja, zimeita mbuzi mmoja, zikipandana unashindwa kujua nani anaishia wapi.

Kwenye hizo hoteli ndipo Teddy Kalanda alipotunga Jambo Bwana, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ndiyo, hiyo. Wimbo uliotungwa kwa kazi moja tu: kumfundisha mgeni salamu mbili tatu za Kiswahili huku anacheza. Rahisi kama chapati. Kufikia 1987 ulikuwa umeuza nakala kama 200,000. Boney M wa Ujerumani wakautoa kwa jina Jambo – Hakuna Matata mwaka 1983, wakati walikuwa tayari wametoa Malaika yao 1981. Yaani wale jamaa walikuja Pwani kama watu wanaokuja sokoni na kikapu. Bendi nyingine nyingi zikaupiga tena na tena, mpaka leo kuna watu, Wakenya wenzako, wanaoamini kwamba huo wimbo hauna mwenyewe, kwamba ni wa "kienyeji", kwamba ulikuwepo tu kama minazi. Mimi hiyo huniuma. Mnazi pia kuna mtu aliupanda.

Mwaka huo huo wa 1987 ndugu hao wakahamia Nairobi. Mississippi kwenda Chicago, Mombasa kwenda Nairobi, ni safari ile ile: muziki unafuata mahali penye studio na pesa. Huko wakapanua, wakapiga reggae, benga, kila kitu. Lakini kitu ninachowapendea si hicho. Ni kwamba walipopata jina hawakufunga mlango. Wakarekodi na Malika, mwimbaji wa taarab. Wakarekodi na Jane Nyambura, mwimbaji wa nyimbo za Kikuyu. Na wakamtafuta Fundi Konde.

Simama hapo. Fundi Konde ni nani? Mgiriama, mzaliwa wa 1924. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa kwenye kikosi cha burudani cha wanajeshi wa Afrika Mashariki, wakapelekwa mpaka pande za Burma. Fikiria kijana wa Kigiriama na gita, katikati ya vita vya watu wengine, kazi yake ni kuwafanya askari wasahau kwa saa moja. Alirudi, akarekodi, na anahesabiwa kati ya wa kwanza kabisa hapa kwetu kupiga gita la umeme. Tausi ni yake. Na hata yeye, miaka ile ya 1950, hakuimba peke yake: kuna rekodi zake akiwa na Fadhili William na Esther John, sauti tatu, gita moja linatembea katikati kama mtu anayejua njia ya mkato.

Halafu muda ukapita, watu wakamsahau. Hiyo ndiyo kawaida yetu, tunampenda msanii mpaka mwezi uishe. Ni Them Mushrooms waliomrudisha studio katika miaka ya 1990, mzee tayari, wakarekodi upya zile nyimbo zake pamoja naye. Hawakusubiri afe waziimbe kwa heshima. Walimpa maiki naye akaitumia. Alifariki 2000. Kuna watu wazima leo wanaozijua nyimbo za Fundi Konde kwa sababu ya zile kaseti tu.

Ukiniuliza kuhifadhi utamaduni ni nini, nitakuonyesha hapo. Sio kabati la kioo. Ni kusogea nusu hatua ili mtu mwingine afikie maiki.

Na sasa turudi kwa kamati yako, maana kuna sehemu ya pili ya hii stori na haipendezi sana.

Bendi za Pwani ziliishi kwa miguu mitatu. Mguu wa kwanza ulikuwa hoteli. Vurugu za Likoni za 1997 zikafukuza watalii. Fujo za baada ya uchaguzi wa 2007 zikafukuza tena. Halafu ikaja miaka ya mashambulizi ya kigaidi, nchi za watu zikiwaonya raia wao wasije, na hoteli za Malindi na Watamu zikafunga milango, nyingine mpaka leo nyasi zimeota kwenye kidimbwi cha kuogelea. Kisha 2020 na korona. Hoteli zilizobaki nyingi zikagundua kwamba kijana mmoja na kinanda na laptopu anaweza kuimba zote, kwa bei ya mtu mmoja. Siwalaumu hao vijana, nao wanatafuta. Lakini ile sauti ya pili na ya tatu sasa iko ndani ya laptopu, na laptopu haina mtoto wa kumrithisha.

Mguu wa pili ulikuwa matanga. Hapa najua nitakanyaga mtu. Zamani matanga ya mzee aliyekula chumvi yalikuwa na ngoma, na yalikuwa shule: hapo ndipo kijana alijifunza kupokea wimbo, akiwa amesimama nyuma ya wakubwa, anakosea bila mtu kumuona. Halafu ikaja disco matanga. Spika kubwa, jenereta, giza, na mambo yakaharibika mpaka serikali huku Kilifi ikapiga marufuku hizo disco za usiku, ikizilaumu kwa mimba za wasichana wa shule. Mimi sina ugomvi na hiyo marufuku. Ninachosikitika ni mpangilio wa mambo: kwanza disco iliifukuza ngoma, halafu disco ikafukuzwa, na ngoma hakuna aliyeikumbuka kuiita irudi. Mahali palibaki wazi.

Mguu wa tatu ni harusi. Huo bado umesimama. Ndiyo maana mwajiri mkubwa wa bango leo si studio, si redio, na si hoteli. Ni kamati ya harusi. Yaani ni wewe, na hiyo voice note yako ya dakika mbili.

Sasa, tuongee doo, kwa sababu najua hapo ndipo kura inapigwa. Bendi ni ghali kuliko DJ. Hiyo si siri. Unalipa watu sita au saba badala ya mmoja na msaidizi wake. Unalipa usafiri wao na vyombo. Watakula, na watakula vizuri, hao ni wazee wanaoijua pilau iliyopikwa kwa haraka. Lakini uliza maswali ya maana kabla hujasema haiwezekani. Uliza kama wanakuja na spika zao, maana mara nyingi ndiyo, na basi ile pesa uliyokuwa umemtengea DJ ya vyombo imepungua. Uliza watapiga saa ngapi mpaka ngapi. Harusi nyingi zenye akili zinawapa bendi mchana na jioni, wazee wakiwa bado wana nguvu na nyanya hajarudishwa nyumbani, halafu DJ anashika usiku kwa vyombo vile vile. Hakuna aliyekufa kwa mpango huo.

Na uliza swali ambalo hakuna mtu huuliza: wangapi wanaimba? Wakikujibu "ni mmoja tu, hao wengine wanapiga," bado inaweza kuwa bendi nzuri. Wakikujibu "sote," basi chukua namba hiyo usiipoteze. Uliza pia kama wana kijana kwenye kundi. Bendi yenye wazee watano na kijana mmoja anayebeba waya na kuimba sauti ya juu ni bendi itakayokuwepo harusi ya mtoto wako. Bendi yenye wazee watano peke yao, mazee, ihesabu miaka.

Najua hoja yako nyingine: wageni wako, wasee wa chuo, mabeste wa Nairobi, hawatajua kucheza. Ni kweli, dakika kumi za kwanza watasimama pembeni na simu. Halafu mmoja atavutwa mkono na shangazi yako. Hiyo hutokea kila mara, sijawahi kuona harusi ambayo haikutokea. Bango haina hatua za kujifunza. Ina mwendo wa kuacha kupigana nao. Na maneno yake si ya watoto wa Sunday school kama unavyodhani. Wazee hao wanaimba juu ya mapenzi yaliyoharibika, jirani mchongezi, mume asiyeshikika, kwa Kiswahili kilichofunikwa kitambaa. Kaa na nyanya akufunulie. Utashangaa nyanya anajua nini.

Kuna kitu kimoja pia cha adabu, wasije wakakuona mshamba. Muziki huu una kutunza. Mwimbaji akikugusa na mstari, unaenda mbele, unacheza kidogo, unampa noti. Si kumrushia. Unampa, ama unaiweka mfukoni mwake, ama juu ya kinanda. Kwa sababu waimbaji ni wengi, watu hukosea wakamtunza yule tu anayeimba wakati huo, na yule aliyekuwa anaitikia kwa nusu saa akabaki anaangalia. Wazee hawatakuambia kitu. Lakini wataona.

Basi hiyo Jumamosi ikifika, na kama mathe alishinda kura, usikae nyuma na wale wa kuchaji simu. Sogea karibu na jukwaa kama wimbo wa tatu hivi. Mwangalie mzee wa besi. Mikono yake iko kazini lakini mdomo unasogea polepole, anapokea maneno ya mwenzake kabla hayajamtoka. Wimbo wa nne, wa saksofoni atarudi nyuma hatua moja, hatasema kitu, na maiki itabaki wazi. Noti ya mia mbili iko sawa. Si lazima uikunje.